Piko Kabla ya Kisu

Wanangu, nyinyi mnaofungua pakiti mpya ya glavu kwa kila mgonjwa na kuzitupa kabla hazijapata hata joto la mkono, njooni niwachekeshe kidogo. Mimi nimestaafu. Magoti yamegoma na macho yanadai miwani ya pili, lakini kumbukumbu bado ina meno. Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, ambacho sote tulikiita thieta, katika hospitali ndogo ya binafsi pale Malindi, miaka ya themanini. Jina langu ni Kadzo, mzaliwa wa Gede, ila mji mzima uliniita Sista Kadzo, mpaka mume wangu naye akawa ananiita hivyo kila akiugua mafua.

Nasikia mnaulizana kama kweli enzi zetu kulikuwa na watu wa kukatwa ngozi iliyolegea mikononi, hapa hapa pwani. Walikuwepo. Hawakuwa wengi, na hatukuwa na mashine za kung'aa kama zenu, lakini tulikata, tukashona, na wenyewe wakarudi kwao wakipunga mikono. Nitawaeleza habari ya mmoja wao, maana nikiondoka nayo nitazikwa nikicheka, na hayo yatakuwa mazishi gani?

Lakini glavu kwanza, maana mmenikumbusha. Glavu zetu zilidumu kuliko ndoa nyingi. Tulizifua kwa sabuni, tukazipuliza na kuzizamisha majini tuone kama zinatoa mapovu. Yenye tundu ilitiwa kiraka kilichokatwa kwa mwenzake aliyekwisha kufa. Kisha tulizianika kambani nyuma ya jikoni, na zilipokauka tukazipaka poda ndani na kuzipika kwa mvuke. Aliyenifundisha ni Mama Agneta, mkuu wetu wa thieta, mwanamke wa Mariakani mwenye sauti ya kusimamisha lori mteremkoni. Mara ya kwanza nilizijaza poda hata daktari alipozivua mikono yake ikawa kama ya mpika mandazi, na Mama Agneta akaniuliza kama nilikuwa nataka kumkaanga.

Siku za upepo glavu hizo zilijaa hewa zikapunga zote kwa pamoja. Mzee mmoja alikuja kutoka Adu kumchukua mkewe, akakosea njia, akapita nyuma ya jikoni. Akaona safu nzima ya mikono myeupe ikimpungia. Alirudi langoni kwa mbio ambazo hakuwa nazo alipokuja, akamwambia askari, "Mke wangu nileteeni hapa hapa. Mimi kwenye nyumba inayoanika mikono ya watu siingii." Ilibidi tumtoe mkewe kwa kiti cha magurudumu, naye akicheka mpaka tukaogopa mshono utafumuka.

Baadaye ulipoingia ukimwi tukaambiwa glavu ni ya mara moja tu. Mama Agneta alizitupa zile za zamani huku akizipa pole. Ilikuwa amri nzuri, wala msidhani nayatamani yale. Nayacheka tu.

Sasa Daktari Fonseka. Huyu alikuwa Mgoa wa Nairobi, mtaalamu wa ngozi na maungo, aliyepita pwani mara chache kwa mwaka kuwarekebisha watoto walioungua kwa uji na mafuta ya taa. Vidole vilivyogandamana alivitenganisha, shingo zilizovutwa na kovu akazinyoosha. Alikuwa mfupi, msafi kupindukia, na alipokata aliimba puani wimbo mmoja ambao haukuwa na mwisho. Kazi ya kupunguza ngozi ya mikono aliisomea ng'ambo, na kila nafasi ilipopatikana aliifanya kwetu. Kwake nilijifunza mawili ambayo nawaachieni leo. La kwanza, mchore mgonjwa akiwa ameketi na mikono ameiinua, kwa sababu ngozi ikilala hudanganya. La pili, kata kidogo, shona kidogo, usonge mbele. Ukikata yote kwa pupa, nyama inavimba, ngozi inakuwa fupi, na hapo hakuna wa kukuazima nyingine.

Ndipo alipotujia Bi Rukia.

Bi Rukia alikuwa mshona kanzu wa mjini Malindi, mtu wa mtaa wa kale, mjane mwenye maneno. Tangu ujanani mwake ndiye aliyekuwa akiongoza lelemama, ile ngoma ya wanawake wanaojipanga safu na mikono ikapanda na kushuka pamoja. Hapakuwa na harusi ya maana bila yeye mbele. Alikuwa mnene, mnene wa kupendeza, wa kutengewa kiti chake. Kisha akashikwa na ugonjwa wa sukari, akaambiwa aache halua na mahamri, na tofauti na nyinyi nyote ninaowajua, aliacha kweli. Mwili ukapungua, lakini ngozi haikupata habari. Ikabaki pale pale ilipokuwa, ikining'inia kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko, na kila akiinua mkono, inatikisika.

Siku moja harusini, yuko mbele ya safu, mtoto mdogo akapiga kelele, "Mama, tazama! Bibi ana mbawa!" Watu wakaangua kicheko. Bi Rukia naye akacheka pamoja nao, akaketi, na tangu siku hiyo hakusimama tena ngomani. Akawa mtu wa nguo za mikono mirefu na wa jikoni, penye sufuria.

Alikuja kwetu na bintiye wa mwisho, Nuru, aliyekuwa ameposwa. Harusi ilikuwa baada ya mwezi wa Ramadhani, nasi tulikuwa katika Shaabani.

"Shikamoo, Daktari," Nuru akaanza.

"Marahaba. Mgonjwa ni nani?"

"Ni mamangu, ila haumwi." Akamtazama mamake, kisha akayatoa yote kwa pumzi moja. "Daktari, mamangu ndiye aliyewachezea mabibi harusi wote wa mtaa wetu. Harusini kwangu mimi akae jikoni? Wallahi simtaki jikoni."

Daktari akamwomba Bi Rukia aketi ainue mikono. Akaishika ngozi kwa vidole viwili, akaipima taratibu bila kukunja uso, na mimi nilimpenda kwa hilo. "Mama, hii naweza kutoa," alisema kwa Kiswahili chake cha Nairobi. "Lakini nitakuachia kovu. Refu. Kutoka hapa kwapani mpaka hapa kwa kiwiko. Hiyo haitoki maisha yako yote."

Bi Rukia akafikiri. "Hilo kovu laning'inia?"

"Hapana, Mama. Halining'inii."

"Basi nipe kovu."

Tukacheka, lakini Daktari aliketi naye akamweleza vizuri. Sukari lazima iwe imetulia. Kidonda cha mwenye sukari ni kivivu kupona. Na yeye mwenyewe alikuwa akiondoka wiki ile. Safari yake ya kurudi ingekuta Nuru yuko kwa mumewe zamani. Ama sasa, ama harusi ipite. Bi Rukia aliitikia kwa kichwa kila neno, na sukari yake ilipopimwa ilikuwa imekaa kwa adabu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

Alasiri ya siku ya kutangulia, Daktari alimketisha kitandani, akamchora mikono yote miwili kwa wino wa zambarau. Mstari wa juu, mstari wa chini, alama hapa na pale za kuonyesha wapi pakutane na wapi. Kazi ya muda mrefu ile. Akamaliza akaenda zake kupunga upepo, nami nikaenda kuchemsha vyombo.

Wanangu, tulisahau kwamba saa ya kuona wagonjwa ilikuwa bado.

Asubuhi nikaenda kumleta Bi Rukia thieta. Nikafunua shuka. Nikafunika. Nikafunua tena. Mikono ile, kuanzia kwapani hadi kwenye viwiko, ilikuwa imejaa maua meusi, majani na vikonyo vilivyojipinda, na mistari ya Daktari nilipoitafuta sikuiona. Kulikuwa na ua mahali pa kila alama. Vidole navyo vilikuwa na hina, kucha zote nyekundu.

"Bi Rukia! Nani amefanya haya?"

"Mwana Shee," akajibu kwa fahari. "Wala hakunitoza."

Mwana Shee alikuwa mpambaji wa maharusi, na ndiye aliyekuwa somo wa Nuru, yaani mwanamke wa kumfunda bibi harusi na kumsimamia mpaka mwisho. Alikuja kumwona mgonjwa akiwa na kikapu chake cha kazi, ametoka kumpamba mtu. Akaitazama ile michoro ya zambarau akasikitika sana.

"Alisema maskini Daktari amejitahidi, lakini ni mwanamume, atajulia wapi kuchora?" Bi Rukia akanieleza. "Mkono huu mstari umepinda, huu umeshuka. Akanyoosha. Hakuacha pengo hata moja. Na kwa hina akaona isingedumu, akatia piko."

Piko, kwa nyinyi mlio mbali na mambo haya, ni ile rangi nyeusi ya kupambia, na ikishaingia haitoki kwa kuombwa. Tukampeleka thieta, tukasugua kwa spiriti. Tukasugua kwa sabuni. Mama Agneta akaleta ndimu kutoka jikoni, kisha akasugua kwa nguvu za Mariakani nzima, na yale maua yakazidi kung'aa. Mtu wetu wa dawa ya usingizi, Bwana Charo, akaja akazishika kucha zile nyekundu akapiga kite. Siku hizo hatukuwa na kile kibanio chenu cha kidoleni kinachosoma hewa ya damu. Mtu wa usingizi aliangalia kucha. Zikigeuka buluu, anajua hali si hali. "Hizi nitazisomaje mimi?" akauliza. "Huyu hata akizima atabaki mwekundu!"

Daktari Fonseka akaingia akiimba puani. Wimbo ukakatika.

Akaizunguka ile mikono. Akainama akaangalia upande wa chini, akainuka. "Hii kazi imeharibika," akasema polepole. "Siwezi kata mahali sioni. Tutangoja safari ingine."

Sijawahi kuona uso ukianguka namna ile. Maneno yote ya Bi Rukia yalimwishia. Akaitazama mikono yake, na machozi yakaanza kutiririka moja kwa moja kuelekea masikioni, maana alikuwa amelala chali. "Daktari," akasema, "nilijipamba kwa ajili yako. Kwetu sisi mtu haendi kwenye jambo kubwa na mikono mitupu. Nilidhani nakustahi."

Daktari akasimama. Nikaona mdomo wake unatetemeka, nikadhani ni hasira, nikajisogeza nyuma ya Mama Agneta, mahali salama kuliko pote pale thieta. Kumbe ni kicheko! Kilimtoka kwa kwikwi, akashika ukuta, akavua miwani akajifuta. "Nimepasua watu nchi ngapi," akasema, "na hakuna mtu amewahi kujipamba juu yangu! Mama, kaa. Inua mikono. Tunaanza upya."

Lakini angeanza upya kwa rangi gani, juu ya weusi ule? Akaitisha uzi wa hariri, mweupe. Akamdunga ganzi kidogo kidogo, na mahali pa kila alama akatia mshono mmoja mrefu, vile fundi anavyopiga bandi nguo kabla ya kuipeleka cherehanini. Mgonjwa yu macho, ameketi, mikono juu, na sasa ulimi umemrudia.

"Kaza upande huo, Daktari. Huo umelegea."

"Nyamaza, Mama."

"Mimi nashona kanzu tangu hujazaliwa. Bega ukilikosea hapo, mkono mzima unakwenda upande."

"Mama, hii si kanzu!"

"Ndiyo maana nasema kaza. Kanzu ningefumua."

Alama zilipokwisha Bwana Charo akamlaza usingizi, naye alipata pa kusomea, ndani ya midomo na chini ya ndewe za masikio, na kutoka siku hiyo tukaweka sheria ambayo nyinyi mnaikuta tu bila kuijua imetoka wapi: mama wa Kiswahili akija kupasuliwa, aambiwe mapema, kidole kimoja kibaki bila hina. Wengi walikubali. Mmoja aliniuliza kama anaweza kukodi kidole cha dadake.

Upasuaji wenyewe ulikwenda taratibu, kata kidogo, shona kidogo, mimi nikipokeza makasi na Mama Agneta akihesabu shashi kwa sauti, maana ngozi haifungwi mpaka kila kilichoingia kimetoka. Wimbo wa puani ulirudi. Kitu kimoja tu kilitutesa. Nusu ya maua ilikatwa na nusu ikabaki, na ngozi ya juu ilipokutana na ya chini, nusu ua likajikuta limeunganishwa na nusu jani. Kila mshono ulikuwa ndoa ya wasiojuana. Daktari alikuwa akiona moja anatulia, akiona jingine mabega yanaanza kumcheza, naye Bwana Charo anamwambia, "Daktari, ukicheka na kisu mkononi mimi namwamsha."

Tulipofungua bendeji mara ya kwanza, Bi Rukia akataka kioo. Nikamshikia. Akatazama mikono yake, sasa miembamba, imevimba kidogo tu, na ule mshono mwekundu mrefu. Akaufuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikaingiwa na hofu. Hatimaye akasema, "Sista Kadzo, Mwana Shee akiona ua lake limekatwa kichwa, atakufungulieni mashtaka." Wodi nzima ikalipuka. Ilibidi Mama Agneta aje kupiga marufuku kicheko, kwa sababu za kitabibu, na akiwa mlangoni tukasikia naye kimemshinda.

Lakini msije mkadhani kidonda hucheka na watu. Daktari alipokwisha kuondoka, mkono wa kushoto, pale karibu na kwapa, ukafumuka. Pengo dogo, lakini kwa mwenye sukari dogo ni kubwa. Nilikuwa namwendea nyumbani kwake mwezi mzima wa Ramadhani, namsafisha kwa maji ya chumvi, nambadilisha shashi, nampima sukari, namkataza kuinua mkono kupita kifua, hata katika sala. Nuru alinisindikiza mlangoni kila mara na swali lile lile, "Sista, atacheza?" Nami nilikuwa naogopa kumjibu. Nililia siku nilipokuta pengo limejaa nyama nyekundu safi, na ngozi mpya inatambaa kutoka pembeni. Nililia wazi, mbele ya mgonjwa, jambo ambalo vitabu vyenu vinakataza. Vikataze tu.

"Kucheza," nikamwambia, "mwili unaruhusu."

"Mwili si neno," akasema Bi Rukia. "Watu je?" Kisha akaniambia amefikiri sana, na kovu bado lingali jekundu, na siku ya harusi atapiga makofi tu, kwa kuketi. Sikuweza kumlazimisha. Kazi yetu sisi ilifika hapo. Ya kuinua mkono ni ya mwenyewe.

Nikaalikwa kwenye kupamba, ile hafla ya wanawake peke yao ya kumwonyesha bibi harusi. Mabuibui yalivuliwa mlangoni, dhahabu zikang'ara, udi ukafukizwa mpaka nikapiga chafya. Nuru aliketishwa juu, amepambwa hata sikumtambua. Na pale kuna sharti. Bibi harusi hatazami watu. Anakaa macho ameyafumba, uso ameutuliza, hacheki, hasemi, mpaka hafla iishe, na akifumbua huambiwa hana haya. Mwana Shee, somo wake, alisimama nyuma yake kama mlinzi wa benki.

Bi Rukia aliketi ukutani, amevaa gauni la mikono mirefu. Ngoma ikaanza. Wanawake wakajipanga safu, wakacheza raundi ya kwanza, na mbele ya safu palikuwa pamebaki wazi. Hakuna aliyetaka kusimama mahali pake. Wakaenda hivyo hivyo bila kichwa.

Bi Rukia akainuka. Akaingia ndani. Nikadhani basi, anakwenda jikoni. Akatoka amevaa gauni jingine, la kijani, lisilo na mikono kabisa, ambalo kumbe alilishona mwenyewe katika siku zile zile aliponiambia hatacheza. Akapita katikati ya watu wote akasimama mbele ya safu. Na mikono ikapanda. Ikapanda yote miwili mpaka juu ya kichwa, na kovu likaonekana, jekundu, kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko, mbele ya taa.

Bibi mmoja jirani yangu akauliza kwa sauti, "Mwenzetu, hilo ni nini?"

"Mshono," Bi Rukia akajibu, bila kushusha mkono. "Nguo ilikuwa inanipwaya."

Hapo ndipo paa lilipotaka kuondoka. Vigelegele, vicheko, akatunzwa noti, safu nzima ikainua mikono pamoja naye, na mimi Mgiriama wa Gede nisiyejua hata hatua moja ya lelemama nilijikuta nimo ndani, naharibu.

Nilipogeuka, nikamwona Nuru. Macho yote mawili alikuwa ameyafumbua, makubwa, yamejaa machozi na wanja unashuka, na alikuwa akicheka mpaka magego yanaonekana.

"Fumba macho, mwana!" Mwana Shee akamnong'oneza, akimfinya bega. "Watu wanakuona!"

"Na wanione," Nuru akasema. "Mamangu anacheza."